Maji ya barafu yananiunguza tangu nile chewa. Hii ni sumu gani?

#1 Sultani wa Urojo

Assalaam alaykum wadau. Naomba msaada, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilishuka dikoni asubuhi nikamkuta chewa mkubwa, kilo tisa na ushei, ndiyo kwanza anatolewa ngalawani. Macho yanang'aa, mashavu mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi. Samaki mbovu mimi namjua, nimekulia Funguni. Tukagawana na jirani, mimi nikachukua upande wa kichwa pamoja na maini. Kichwa kikawa supu, maini nikayakaanga mwenyewe, nyama ikaingia mchuzi wa nazi. Aliyekula sana ni mimi. Mke wangu alikula kipande kidogo cha mnofu, naye kaguswa kidogo tu, watoto walikula wali na mchuzi, wazima, mama mkwe hali chewa.

Magharibi tumbo likanianza. Kuharisha na kutapika mpaka saa nane za usiku. Nikasema basi, yamekwisha. Jumapili alfajiri nakwenda kutawadha, nafungua bomba, maji yananiunguza! Nikauliza nani kawasha hita, na nyumba yetu haijawahi kuwa na hita. Nikashika chupa iliyotoka kwenye friji, kama nimeshika kaa la moto. Lakini chai ya moto nakunywa vizuri tu. Midomo inachonyota, vidole vina ganzi, magoti kama nimebeba magunia ya karafuu kutwa nzima, na usiku mwili unawasha bila kipele hata kimoja. Meno nahisi yanacheza. Nikiyatikisa kwa mkono, hayachezi.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya nikatundikiwa dripu, nikapewa na dawa ya minyoo. Leo siku ya tisa. Hii ni nini?

#2 Kibua Mkavu

Samaki kakaa juani huyo. Wanamwagia maji ya bahari unamuona mpya. Jodari, nguru na vibua ndio mabingwa wa mchezo huo. Ukimla uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Kanunue piritoni, ulale.

#3 Paka wa Forodhani

Swali moja tu kabla ya yote: paka alipewa?

#4 Fundi Dema

Mimi nasema utupa. Wapo watu wanaponda majani ya utupa wanamwaga kwenye mashimo ya mwamba, samaki wanatoka wamelewa, wanaokotwa kama maembe. Chewa kazi yake kukaa shimoni. Halafu huyo mtu anakuja dikoni anakwambia "mshipi huo, kaka". Au huyo chewa kala bunju, yule samaki mwenye sumu kali. Chewa humeza chochote kinachopita mbele ya mdomo wake.

#5 Sultani wa Urojo

@Kibua Mkavu samaki hakukaa juani, nimemuona anashuka. Na uso haukuwa mwekundu.

@Paka wa Forodhani paka alipewa mashavu na utumbo. Alikula kidogo, akatapika jikoni, akaondoka. Sijamuona tena.

#6 Paka wa Forodhani

Innalillahi.

#7 Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi wodini miaka 31, nadhani mnachanganya vitu vitatu.

Aliyoyataja Kibua Mkavu yapo kweli, lakini hiyo si sumu ya bahari, ni ya uvivu wetu na barafu. Samaki wa jamii ya jodari na vibua akikaa bila ubaridi, bakteria hugeuza kitu kilichomo ndani ya nyama yake kikawa histamini, kitu kinachowasha mwili. Huanza upesi, dakika kumi, nusu saa, na mara nyingi kesho yake umepona. Haiwezi kufika siku ya tisa.

Bunju huanza mdomoni. Ganzi ya midomo na ulimi, inashuka mikononi, halafu mtu anashindwa kunyanyua mguu, mwisho anashindwa kupumua, na akili zake zote anazo. Ni suala la saa chache. Dawa ya kuivunja sumu yake hakuna, ni kumsaidia kupumua mpaka sumu itoke. Angekuwa bunju, Sultani asingekuwa hapa anatuandikia habari za chai.

Utupa humwingia samaki kwenye mashavu, mwili wake ukashindwa kuitumia hewa. Sumu yake haivumilii jua wala moto wa jiko. Sisemi mle samaki wa utupa, nasema haigeuzi baridi kuwa moto.

Sasa Sultani, mapigo ya moyo yamepimwa? Ukisimama ghafla unaona kizunguzungu? Kama moyo unakwenda polepole, rudi hospitali leo, usingoje uzi huu umalizike. Na waambie neno "samaki" kabla hujakaa kwenye kiti.

#8 Mpemba Ughaibuni

Nesi kanirahisishia. Baridi kuunguza ndiyo saini ya ugonjwa unaoitwa sigwatera. Nimeusoma darasani huku niliko, na mwalimu wetu alianza na mfano huohuo: mgonjwa anayelia kwa sababu kapewa maji ya barafu.

Sumu haitengenezwi na samaki. Kuna vijimwani vya seli moja, huwezi kuviona kwa jicho, jina lake Gambierdiscus. Havielei juu ya maji, vinakaa chini kwenye mwani na kwenye matumbawe yaliyokufa yakaota majani. Samaki wanaoparura miamba, kama pono na kangaja, wanavila pamoja na majani. Chewa anakula kangaja mia, mzia anakula wengine, mkunga naye yumo. Sumu haitoki mwilini upesi, inajikusanya. Ndiyo maana samaki mkubwa na mzee wa mwambani ndiye mwenye hatari, na maini, utumbo, mayai na kichwa vina sumu zaidi kuliko minofu. Tazama post namba 1: aliyekula maini na kichwa yuko taabani, wa mnofu kaguswa kidogo, wa mchuzi wazima.

Haina harufu wala ladha. Kuchemsha haiondoki, kukaanga haiondoki, kugandisha haiondoki, ndimu na chumvi ndiyo kabisa. Samaki mwenyewe haugui, anaogelea vizuri tu.

Nesi kasema bunju huleta ganzi. Tofauti iko hivi: kwenye mishipa ya fahamu kuna vijilango vya kupitisha chumvi. Sumu ya bunju inavifunga visifunguke. Sumu ya sigwatera inavizuia visifungike. Mshipa unabaki unapiga kelele peke yake, na ubongo unasoma kelele hizo kama moto.

Kufa ni nadra sana. Ila dalili zinaweza kukaa wiki, wengine miezi.

#9 Kibua Mkavu

Haya maprofesa. Sigwatera ni ugonjwa wa Karibiani na visiwa vya huko Pasifiki. Jina lenyewe limetoka Cuba, la konokono wao. Siye huku tunakula chewa toka enzi za mababu.

#10 Mpemba Ughaibuni

Jina ndiyo la Cuba, hapo umepata. Ugonjwa hauna pasipoti. Mabaharia wa nahodha Mwingereza James Cook uliwapata mwaka 1774 kule ambako leo panaitwa Vanuatu. Hapa jirani zetu, Réunion na Mauritius, wanaujua miaka mingi, na Mauritius ina orodha ya samaki waliokatazwa kuuzwa kwa sababu hiyo. Vijimwani vyenyewe wataalamu wamewahi kuviokota kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Madagascar, mji wa Manakara, Novemba 1993, watu mamia waliugua na makumi wakafa kwa kula papa mmoja. Ile wanaiweka kwenye ukoo huu, ingawa sumu waliyoikuta haikufanana kabisa na ya kawaida.

#11 Mkojani77

Nimesoma kimya, sasa naingia.

Siye wa Kojani tunakwenda dago miezi, tunalala visiwani, tunakula tulichovua. Nani kakwambieni wazee hawakujua? Marehemu baba alikuwa na miamba yake miwili, anakwambia hapa vua tasi, vua changu wadogo, lakini chewa mkubwa wa hapa usimle maini. Hakusema kijimwani. Alisema "mwamba huu una ukali". Na mkunga mkubwa alikuwa anamkata akamtupia chambo. Tukimuuliza, anajibu kaulize waliomla.

Kwa hiyo Kibua Mkavu, mababu walikula chewa, kweli, lakini walichagua mwamba. Sasa hivi nani anajua samaki wa dikoni katoka mwamba gani? Boti ya mashine inakwenda mbali, samaki wanachanganywa kwenye barafu, unapewa kilo tu.

Miye mwenyewe liliwahi kunipata, si la moto, la kuwasha. Usiku kucha najikuna kama mbwa. Nikaambiwa damu chafu.

#12 Fundi Dema

Baba yako alikuwa fundi. Babu yangu alikuwa anatia sarafu ya fedha chunguni. Ikigeuka nyeusi, mchuzi unamwagwa. Na nzi pia: nzi wakimkataa samaki, na wewe mkatae.

#13 Nesi Mstaafu

Fedha inageuka nyeusi kwa vitunguu na mayai pia, Fundi. Utamwaga mchuzi mzuri na kula mbaya. Nzi nao hawajui lolote, nimewaona kwenye mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Paka ni habari nyengine. Paka kweli anaathirika na sumu hii, na wataalamu zamani waliwatumia kupima samaki. Ila mara nyingi hutapika, ikawa ndiyo salama yake.

#14 Paka wa Forodhani

Kwa hiyo nilipouliza post namba 3 mlinicheka bure. Naomba radhi ya maandishi.

#15 Mwana wa Mkoani

Mnazungumza chewa, mmesahau kasa? Kisiwa Panza mwaka juzi wamekufa watu 19 siku moja kwa nyama ya kasa. Ni jambo hilihili au jengine?

#16 Bi Mwani

Mwana wa Mkoani, tusiongeze maiti. Ilikuwa Machi 2024, waliofariki ni 9: watoto 8 na mwanamke mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Waliolazwa ni 78. Na kabla yake, Novemba 2021, Pemba hiyohiyo walifariki watu 7, mmoja mtoto wa miaka mitatu. Nina jamaa huko, hesabu hizi siwezi kuzisahau.

#17 Mwana wa Mkoani

Ahsante Bi Mwani, nimesahihishwa. Allah awarehemu.

#18 Mpemba Ughaibuni

Kasa ni mlango mwengine. Nyama ya kasa ina sumu mara chache, lakini siku ikiwa nayo haina huruma. Koo na mdomo vinaungua, ulimi unatoka vidonda, kutapika, halafu usingizi usioamka. Watoto ndio wanaomalizika. Hupita hata kwenye maziwa ya mama, mtoto hakugusa nyama na anakufa. Inavyodhaniwa ni kwamba kasa kala mwani wenye sumu ikamkaa mwilini, ila hilo ni dhana. Madagascar waliwahi kuikuta sumu ya Lyngbya kwenye kasa aliyeua watu, na Lyngbya ni mwani ule wa nywelenywele. Lakini visa vingi huwa vimekwishazikwa kabla ya mtu kuchukua kipande cha kupima.

Kuhusu ng'amba wazee wanasema ndiye mbaya zaidi kuliko kasa wa kawaida, na vitabu vinawaunga mkono. Isitoshe wote wamekatazwa kisheria.

#19 Mkojani77

Sheria wanaijua wote. Kasa ni nyama ya sikukuu huko, tena inagawiwa mtaa mzima, hiyo ndiyo sababu hesabu inakuwa kubwa. Samaki ukila unakula na wanao. Kasa unakula na kijiji. Na yule aliyegawa, alikuwa anatenda wema.

#20 Bi Mwani

Ngojeni kidogo hapo kwenye mwani wa nywelenywele, maana hilo ni langu.

Nalima mwani huku Kusini tangu nikiwa msichana. Kilimo kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, mama yangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, miye nilikuwa nafunga taitai, vijikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba baada ya chuo. Zamani kotonii, aina moja ya mwani tunaolima, ilistawi palepale maji yanapopwa. Siku hizi maji yanachemka, kotonii inageuka nyeupe na kukatika, tumebaki na aina nyengine, spinosamu.

Sasa jua likiwa kali na maji yametulia, kwenye kamba unakuja uchafu kama nywele za kuoza, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani. Unashikana na mwani na mikono. Ukiutoa bila gilavu, mkono unawasha, halafu ngozi inapanda malengelenge kama uliyemwagikiwa maji ya moto. Mwenzangu mmoja uliingia ndani ya nguo, alikaa ndani siku nne hawezi kuvaa chochote kinachobana. Tukaambiwa ni aleji, badilisheni sabuni.

Kumbe ndio huo wenye sumu? Mbona hakuna aliyekuja kutwambia kwa jina?

#21 Mpemba Ughaibuni

Bi Mwani, kwa ulivyoueleza unafanana sana na Lyngbya au ndugu zake, na wanajulikana duniani kwa kuunguza ngozi za waogeleaji na wavuvi. Ila kwa maneno tu siwezi kukuapia, kuna nywele nyingi baharini. Mwani wenu mnaolima wenyewe hauna sumu, anayewasha ni huyo mgeni aliyejifunga juu yake. Vaa gilavu na nguo ya mikono mirefu, ukitoka jioshe upesi kwa sabuni na maji safi, usiutupe palepale kwenye shamba la jirani.

#22 Kibua Mkavu

Sasa tumefika kwenye sabuni. Nilijua.

#23 Ngalawa Moja

Nami nina la kuuliza. Siye wa Nungwi, kaskazi ikiwa imelala, tunaona bahari ina mistari mirefu kama unga wa mbao uliomwagwa, rangi ya kahawia, ukioza unageuka kama waridi na unanuka. Wavuvi wengine wanageuza chombo. Hii ndiyo sumu yenyewe inayoelea? Na ndiyo iliyoua wale pomboo wa mwaka 2006? Nilikuwepo, nilikuwa mdogo. Walijaa ufukweni mamia.

#24 Nesi Mstaafu

Pomboo wale, kama 400, mwishoni mwa Aprili 2006. Wataalamu waliwapasua, matumbo yalikuwa matupu, hawakuona sumu. Watu wakasema sumu, wengine wakasema meli za kivita na mitambo yao ya sauti, na mpaka leo kila baraza lina jibu lake. Tusiwatie pomboo kwenye chungu cha Sultani.

#25 Mpemba Ughaibuni

Na huo unga wa mbao ni vijimwani vinavyoelea, jina lake Trichodesmium. Ni wa kawaida kwetu wakati wa kaskazi, bahari ikitulia na jua likiwa kali. Unarutubisha bahari kwa kuvuta naitrojeni ya hewani. Ukioza kwa wingi kwenye ghuba iliyojifunga, samaki wanaweza kukosa hewa, lakini si huu unaomfanya Sultani aogope bomba.

Si kila maji yaliyobadilika rangi yana sumu, na sumu nyengine haibadilishi rangi ya maji hata kidogo. Kiunga, kule Lamu, mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa wakaelea kwa wingi, ikahusishwa na vijimwani vilivyofumuka. Pale kulikuwa na cha kuona. Sigwatera haikuonyeshi chochote.

#26 Bint Chwaka

Jamani na chaza je? Siye kila bamvua tunashuka kuokota chaza na kombe, watoto wanakula palepale mengine mabichi. Mnanitisha.

#27 Mpemba Ughaibuni

Chaza na kombe na kome wanakula kwa kuchuja maji. Kijimwani chenye sumu kikiwa kwenye maji, chote kinaingia kwao. Sumu zao ni za namna mbalimbali. Iliyo mbaya ni saksitoksini, inapooza kama bunju, na haiondoki kwa kuchemsha. Nchi za Ulaya zinapima, ikizidi mikrogramu 800 kwa kilo ya nyama wanafunga eneo. Nyengine inaharisha tu, Wajapani waliitambua miaka ya 1970. Nyengine inakula kumbukumbu: Kanada, kisiwa cha Prince Edward, mwaka 1987, watu zaidi ya 100 waliugua kwa kome, watatu wakafa, na baadhi ya waliopona hawakuweza tena kushika jambo jipya. Walikuwa wanakumbuka ujana wao, hawakumbuki walichokula asubuhi.

#28 Paka wa Forodhani

Mume wangu alikula kome kumbe. Hakumbuki hata siku aliyoahidi kuleta pesa ya gesi.

#29 Bint Chwaka

😂 Paka wewe! Lakini sijajibiwa. Niokote au nisiokote?

#30 Nesi Mstaafu

Mwanangu, siwezi kukwambia acha chakula ambacho bibi yako kala miaka themanini. Nitakwambia ninachofanya mimi: bahari ikiwa na rangi nisiyoijua, au samaki wameelea, au mvua kubwa za masika zimeteremsha maji machafu ghubani, chaza sili. Hayo ya mwisho ni kwa ajili ya tumbo na kipindupindu zaidi kuliko vijimwani. Na mabichi kwa mtoto, hapana. Akila halafu midomo ikafa ganzi, hospitali, msimpe maziwa mkakaa mkimtazama.

#31 Fundi Dema

Swali ambalo hamjalijibu: kwa nini sasa? Baba wa Mkojani alikuwa na miamba miwili mibaya. Leo ukisikiliza, kila diko lina kisa. Mimi naona ni baruti na nyavu za kukokota. Mwamba ukivunjwa unakufa, ukifa unaota majani, majani yanaleta hao wadudu wenu.

#32 Ngalawa Moja

Mahoteli. Andika mahoteli. Maji yao machafu yanakwenda wapi?

#33 Mkojani77

Joto. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka, niliyaona kwa macho yangu Misali, meupe kama mifupa. Yakaja mengine 2016. Baruti inavunja chumba, joto linapausha mtaa mzima. Lakini kuna jambo: miamba mingi imekufa na samaki wake hawana neno. Kwa hiyo si kufa tu.

#34 Kibua Mkavu

Au visa ni vilevile, ila zamani tuliita tumbo na damu chafu, siku hizi tuna simu na mitandao. Hilo nalo lifikirieni.

#35 Mkojani77

Leo umesema neno, yakhe.

#36 Mwana wa Mkoani

Na wapo wanaosema wauzaji wanatia samaki dawa ya maiti. Halafu tusijidanganye, husda ipo. Chewa wa kilo tisa unampitisha mtaani mzima mzima, jirani wanatazama, utegemee nini?

#37 Nesi Mstaafu

Jirani kachukua nusu ya samaki huyo, Mwana wa Mkoani. Husda ingemrudia.

Sultani, hebu! Jirani yukoje?

#38 Sultani wa Urojo

Samahani kwa kukawia, uzi umekua kuliko nilivyotarajia.

Jirani mzima. Yeye alichukua upande wa mkia na alikula kidogo, mengine kapeleka harusini shamba. Huko harusini nimeuliza, wapo wawili walioharisha, lakini harusini kuharisha ni jambo la kawaida.

Nilirudi hospitali nyengine kama Nesi alivyoniambia. Mapigo 48 kwa dakika. Nikalazwa usiku mmoja, dripu na dawa ya kupandisha moyo, asubuhi yakafika 60. Daktari kijana, nilipomsomea post namba 8 akacheka kwanza, halafu akaenda kusoma, akarudi hacheki. Kaandika "sumu ya samaki" na alama ya kuuliza.

Nikawa nafuu mpaka juzi. Juzi shemeji kaleta korosho kutoka bara, nikala konzi mbili. Usiku kuwasha kumerudi upya na midomo inachonyota tena. Korosho zinahusu nini?

#39 Mpemba Ughaibuni

Zinahusu. Wengi waliopata sigwatera dalili huwarudia wakila karanga na korosho, wakinywa pombe, au wakila samaki tena, hata samaki mzuri. Kaa mbali navyo miezi kadhaa. Hilo la korosho ndilo linalonifanya nizidi kuamini, ingawa si ushahidi wa mahakamani.

#40 Kibua Mkavu

Au ana aleji ya korosho toka mwanzo, na mchuzi wa ile Ijumaa ulitiwa korosho. Kuna mtu kauliza?

#41 Sultani wa Urojo

Mchuzi ulikuwa wa nazi tupu. Korosho nakula toka utotoni.

#42 Paka wa Forodhani

Pombe kaitaja Mpemba kwa upole sana. Sultani, na hiyo ulijaribu?

#43 Sultani wa Urojo

Astaghfirullah. Mama mkwe anasoma uzi huu.

#44 Nesi Mstaafu

Kama mama mkwe anasoma, basi na hili asome: mke akiwa mjamzito au ananyonyesha, samaki wakubwa wa mwambani awaache. Na wengine wote, mkinunua chewa au mzia mkubwa, maini, utumbo na mayai tupeni baharini, msiwape kuku wala paka. Wadogo wa sahani moja ni afadhali kila siku.

#45 Ngalawa Moja

Sasa siye wavuvi mnatuulia soko la chewa kwa mtu mmoja kuungua na bomba.

#46 Bi Mwani

Ngalawa, hakuna aliyesema msivue. Sema tu mmemvua mwamba gani. Mwani wangu ukiwa mbovu naambiwa mbovu mbele ya watu, na bei inashuka, nanyamaza.

#47 Mpemba Ughaibuni

Sultani, kuna kipande kilichobaki? Kikiwepo kwenye friza, usikitupe. Kifunge vizuri kwenye mfuko, andika tarehe na diko, waulize Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo Unguja kama watakichukua. Bila nyama ya samaki huyohuyo tutabishana mpaka post ya mia. Chewa, korosho, husda, vyote vitabaki mezani.

#48 Sultani wa Urojo

Kilikuwepo. Kilo moja na nusu, friza ya juu.

Nimemuuliza mama mkwe sasa hivi. Aliposoma post ya Nesi kuhusu kutupa, alikitoa akakizika nyuma ya nyumba, chini ya mwembe.

#49 Mpemba Ughaibuni

Lini? Kama ni leo, kifukue!

#50 Sultani wa Urojo

Ni leo. Nimekwenda na tochi. Shimo limefukuliwa, mfuko upo, nyama hakuna. Paka wangu yuko juu ya ukuta ananitazama.

#51 Paka wa Forodhani

Alhamdulillah yu hai! Katapika?

#52 Sultani wa Urojo

Bado. Namtazama.